Taa Haijafa Mpaka Umefuata Njia ya Umeme

Hotuba kwa mafundi wa taa za majukwaa na wapenzi wa karakana, Kigoma mjini. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Bwana Yesu asifiwe! Asalaam aleikum! Wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu, wadogo zangu mliopanda basi alfajiri kutoka Kasulu na Uvinza, mwakeye! Karibuni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya taa za jukwaani: namna ya kutafuta hitilafu, na vifaa gani vya kununua. Nitazungumza kama fundi anavyozungumza na fundi mwenzake, na asiyeelewa anyooshe mkono papo hapo, asisubiri mwisho.

Ndugu zangu, sisi tuko mwisho wa reli. Kutoka hapa hadi Kariakoo, ambako vipuri vingi vinapatikana, ni zaidi ya kilomita 1,200. Fundi wa Dar es Salaam taa ikimzimikia saa tisa alasiri anapanda bodaboda, saa kumi ana nyingine mkononi. Sisi je? Sisi tunapiga simu, mzigo unapakiwa kwenye basi, na siku unapofika harusi imeshapita na bibi harusi amepigwa picha gizani. Kwa hiyo fundi wa Kigoma hana nafasi ya kubahatisha. Hana nafasi ya kununua taa mpya kumbe kilichoharibika ni plagi. Ni lazima ajue kutafuta.

Na neno langu leo ni hilo moja tu. Taa haijafa mpaka umefuata njia ya umeme. Anza kwenye chanzo, fuata soketi, fuata kebo, fuata plagi, ndipo uifikie taa yenyewe. Wengi wetu tunafanya kinyume. Taa ikizima tu, bisibisi mkononi, tunaanza kuifungua. Kwa nini? Kwa sababu taa ndiyo inayoonekana. Waya umelala chini ya kapeti, hakuna anayeukumbuka.

Tuanze na testa. Ile bisibisi yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Nani hapa hana testa mfukoni? Naona hakuna. Sasa niwaulize: testa ikiwaka, inakuambia nini? Inakuambia kwamba pale ulipogusa kuna moto, yaani waya unaoleta umeme. Basi, imemaliza. Haikuambii kama nyutro, ule waya wa kurudisha umeme, ipo. Haikuambii kama volti ni 230 au 150. Haikuambii kama ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini, imeunganishwa au imening'inia hewani. Na sisi tukiona kitaa kimewaka tunatangaza kwa sauti: "Umeme upo!"

Nilikutana na jambo hili kwenye ukumbi mmoja pale Mwanga. Taa nne za upande wa kushoto wa jukwaa zilikuwa zimezima zote kwa pamoja. Vijana walikuwa wameshafungua tatu mezani, skrubu zimepangwa juu ya kitambaa cheupe cha harusi. Testa kwenye soketi inawaka. Wao wakaamua taa zimeungua. Nikawauliza swali moja: taa nne zinaungua sekunde moja, kwa pamoja? Ndugu zangu, vifaa vinne vikifa kwa mpigo, tafuta kile wanachoshirikiana. Wanachoshirikiana ni ekstensheni. Tukachukua multimita, kile kifaa cha kupimia volti na ukinzani. Kati ya moto na ethi, volti 231. Kati ya moto na nyutro, namba zinarukaruka tu, mara 20, mara 5. Hiyo maana yake nyutro haipo. Tukafungua plagi ya ekstensheni. Waya wa bluu ulikuwa umechomoka kwenye skrubu yake, ncha imekuwa nyeusi, ganda la plastiki limeyeyuka kidogo kwa joto la kulegea. Tukaikata ile ncha nyeusi, tukamenya upya, tukakaza. Taa nne zikarudi, na zile tatu za mezani zilikuwa nzima tangu mwanzo.

Nimekaza neno, nirudie: tukakaza. Skrubu iliyolegea inatoa joto, joto linalegeza zaidi, na kulegea kunaongeza joto. Nyaya nyingi zinazoungua kwenye sherehe zetu zinaanzia hapo. Kila baada ya kazi chache, fungua plagi zako zote, kaza skrubu. Ni kazi ya jioni moja.

Hiyo ilikuwa nyutro ya ekstensheni moja. Nyutro ya jengo zima ikiachia, hilo ni balaa jingine, na nataka mlisikie vizuri kwa sababu linaunguza mali za watu.

Kumbi nyingi kubwa zina umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto. Kati ya fezi yoyote na nyutro ni volti 230. Kati ya fezi na fezi ni volti 400. Nyutro ndiyo inayoshikilia mambo yasiyumbe. Nyutro ikikatika kwenye boksi kuu, fezi zinaanza kugawana ile 400 kulingana na mzigo uliopo. Upande wenye mzigo mkubwa unapata kidogo, upande wenye mzigo mdogo unapata nyingi, hata 300 na zaidi. Taa zetu nyingi za LED zimeandikwa 100 hadi 240. Mkizipa 300, kapasita, vile vipuri vinavyohifadhi umeme, zinapasuka ndani. Niliwahi kuwa kwenye ukumbi ambao jambo hili lilitokea katikati ya sherehe. Upande wa jikoni taa zilififia hadi zikawa za njano. Upande wa jukwaa ziling'aa kuliko kawaida na feni zikaanza kupiga kelele. MC akasema kwenye maiki, "Leo umeme umetupendelea!" Watu wakapiga makofi. Dakika chache baadaye harufu ya kuungua ikajaa, na mikseta na taa kadhaa zikawa zimekwenda.

Ukiona hivyo, upande mmoja unang'aa kupita kiasi na mwingine unafifia, unafanya nini? Usichunguze. Usiite mtu aje kushangaa. Zima swichi kuu. Zima, halafu ndipo uulize. Kisha kazi ya boksi kuu mwachie fundi umeme mwenye leseni.

Na jenereta ni hivyohivyo. Kwa miaka mingi mji wetu uliishi kwa umeme wa mashine za dizeli, na hadi leo sherehe ya nje haifanyiki bila jenereta pembeni. Kanuni ni tatu na hazina mjadala. Washa jenereta, iache itulie, pima volti na hezi kabla hujachomeka kitu: unatafuta 230 na 50. Chomeka mzigo kidogo kidogo. Na ukimaliza, toa mzigo kwanza, ndipo uzime mashine. Jenereta inayokata mafuta huku taa zinawaka inayumbisha volti juu chini, na taa zako ndizo zinazopokea kipigo hicho. Mwekeni mtu mmoja wa mafuta, kazi yake iwe hiyo tu.

Sasa hesabu. Wati gawa kwa volti, unapata ampia. Zile taa za zamani za PAR 64 zenye globu ya wati 1,000, kila moja inavuta ampia 4 na kitu. Tatu zinakupeleka kwenye ampia 13, na fyuzi ya plagi zetu za miguu ya mraba ni ampia 13. Umefika mwisho. Hakuna nafasi ya birika la chai la kamati ya chakula kwenye soketi hiyohiyo! Taa za LED zinavuta kidogo sana, nyingi ziko kati ya wati 100 na 200, kwa hiyo mnaweza kuunganisha kadhaa kwenye laini moja. Ila zina tabia moja: zinapowashwa zinavuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo sana, kujaza kapasita zake. Taa ishirini zikiwashwa na swichi moja, breka inaruka, na watu wanasema kuna shoti. Hakuna shoti. Washeni kwa mafungu.

Na kebo. Jamani, kebo! Kuna kebo sokoni nje zina rangi ya shaba, ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kabla hujalipa, menya kipande, chukua kiwembe, kwangua unyuzi mmoja. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini, rudisha. Ukiona weupe juu na wekundu chini, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, nzuri, chukua. Kwa laini ya kulisha jukwaa nunua milimita 2.5 za mraba, si 1.5. Na ekstensheni ya kuviringisha, ile ya gurudumu, ifungue yote hata kama jukwaa liko hatua tano. Ikibaki imeviringwa huku inabeba mzigo, joto halina pa kutokea, na ganda linayeyuka kutoka ndani.

Hapa nataka niwataje ndugu zetu wavuvi wa Kibirizi, kwa sababu baadhi yenu karakana zenu zinaishi kwa kutengeneza taa zao za dagaa. Mvuvi analeta taa ya LED ya volti 12, analalamika haina nguvu. Fundi anabadilisha LED, bado. Anabadilisha betri, bado. Fuata njia! Taa ya wati 36 kwenye volti 12 inavuta ampia 3. Waya wa milimita 1.5 wenye urefu wa mita 20, kwenda na kurudi ni mita 40, unakula karibu volti 1.4 njiani. Betri inatoa 12, taa inapokea 10 na ushee. Volti 1.4 hizohizo ukizipoteza kwenye 230 hakuna atakayejua, lakini kwenye 12 ni zaidi ya sehemu moja ya kumi. Pima betri, halafu pima palepale kwenye miguu ya taa huku inawaka. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ugonjwa. Mara nyingi tiba ni waya mnene na klipu zilizosuguliwa kutu, basi.

Nakuja kwenye ethi. Na hapa naomba hata wanaochezea simu waziweke chini.

Wangapi kati yetu tunachomeka plagi ya miguu miwili ya duara kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu la soketi? Msione aibu, tunaona kila siku. Lile tundu la juu ndilo la ethi. Taa nyingi zinazoagizwa kutoka China zinakuja na plagi ya duara ambayo ethi yake iko ubavuni, kwenye vibati viwili. Ukiichomeka kwa kalamu kwenye soketi yetu, vibati vile havigusi kitu. Taa inawaka vizuri kabisa. Rangi zote zinafanya kazi. Lakini bodi ya chuma ya taa hiyo haina ethi. Na taa hiyo mmeifunga kwenye trasi ya alumini, ile fremu ya kutundikia taa, na trasi hiyo mwimbaji anaiegemea akiwa na maiki ya waya mkononi na jasho mwilini.

Mnaona linapoelekea?

Kwaya moja ilikuwa na tatizo la spika kunguruma. Kila taa zikiwashwa, spika zinatoa ule mlio wa "mmmm" usiokoma. Mtu akawafundisha dawa: kata mguu wa ethi kwenye plagi ya mikseta. Wakakata, mlio ukaisha, wakamshukuru. Baada ya muda taa moja ikapata hitilafu ndani, moto ukagusa bodi. Taa ile nayo ilikuwa ya kalamu. Kijana aliyekuwa anaikamata kuigeuza alitupwa chini na umeme. Mungu ni mwema, kijana yuko hai. Lakini ilikuwa bahati, na mimi sitaki uhai wa watoto wa watu utegemee bahati.

Usikate ethi. Nasema tena, usikate ethi! Mlio wa spika una dawa zake: lisha mikseta, ampi na vyombo vyote vya sauti kutoka sehemu moja, tenganisha nyaya za sauti na nyaya za taa, zikikutana zipishane kama msalaba zisilale sambamba, na kama mlio bado upo tumia kisanduku cha DI chenye swichi ya kukata ethi ya waya wa sauti. Hiyo inakata kwenye sauti, haigusi ethi ya umeme. Plagi zote za duara zikateni, fungeni plagi za miguu mitatu ya mraba, bluu kwenye nyutro, kahawia kwenye moto, kijani chenye mstari wa njano kwenye ethi. Ukikutana na kebo ya zamani, nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Kisha weka multimita kwenye om, kipimo cha ukinzani, ncha moja kwenye mguu wa ethi, ncha nyingine kwenye skrubu ya bodi ya taa, mahali palipokwanguliwa rangi. Isome chini ya om 1. Ikisoma vingine, taa hiyo haipandi juu.

Na nunueni RCD ya miliampia 30 kwa ajili ya jukwaa lenu. Ile breka ya kawaida inalinda waya, haimlindi mtu. Ampia 13 zinapita bila breka kuruka, na mwili wa binadamu unahitaji sehemu ndogo sana ya ampia moja kusimamisha moyo. RCD inahisi umeme unaovuja na kukata mara moja. Kuna kitufe cha majaribio juu yake, kibonyezeni kila kabla ya kazi.

Tunaingia kwenye DMX, kwa sababu najua vijana mmekuja kwa ajili ya hili.

DMX512 ni ya mwaka 1986, iliandaliwa Marekani na taasisi ya USITT, na mpaka leo ndiyo lugha ambayo kontrola inazungumza na taa. Waya mmoja unabeba chaneli 512, yaani njia 512 za amri. Laini moja inaruhusiwa vifaa 32, ukizidisha unahitaji splita, kisanduku cha kugawa laini. Sasa nisikilizeni: malalamiko mengi ya "taa zina wazimu", zinapepesa zenyewe, zinabadilika rangi bila kuamriwa, chanzo chake ni kimoja kati ya vitatu. Anwani, waya, au mwisho wa laini.

Anwani kwanza, yaani namba ya chaneli ambayo taa inaanzia, maana haigharimu kitu. Taa yenye chaneli 7, ya kwanza inaanza 1, ya pili 8, ya tatu 15, ya nne 22. Mtu akiweka ya pili kwenye 7, kila akigusa chaneli ya mwisho ya taa ya kwanza, ya pili nayo inaruka. Hiyo siyo hitilafu. Na hakikisha taa zote ziko kwenye modi moja, siyo hii chaneli 7 na ile chaneli 4.

Waya. Plagi ya XLR ya miguu mitatu inafanana kabisa na ya maiki, kwa hiyo tunatumia waya wa maiki. Kwa taa mbili tatu na mita chache inakubali, na ndiyo maana tunaamini inafaa. Kwenye mkutano mmoja wa injili wa usiku, laini ilikuwa imeunganishwa kwa nyaya za maiki kuanzia meza ya kontrola hadi mwisho wa jukwaa, taa 16. Mhubiri anaomba, taa zinatakiwa zitulie kwenye bluu, nyekundu inapigapiga. Tulifanyaje? Hatukugusa taa hata moja. Tuligawa. Tukachomoa laini baada ya taa ya nane. Nane za kwanza zikatulia. Basi ugonjwa uko nane za pili. Tukarudisha, tukachomoa baada ya kumi na mbili. Zikapigapiga. Basi uko kati ya tisa na kumi na mbili. Kwa mtindo huo, taa 16 zinahitaji vipimo 4 tu kufika penyewe. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ndugu zangu, kimoja! Ukibadilisha vitatu na tatizo likaisha, hujui kilichoponya, na wiki ijayo litakukuta tena. Tulikuta waya uliokanyagwa, shildi, ule wavu wa kinga unaozunguka nyaya za ndani, imegusana na pini 3 ndani ya plagi. Tukaweka mwingine, na wiki hiyohiyo wakanunua waya halisi wa DMX, wenye om 110 hadi 120.

Na mwisho wa laini. Ishara ikifika taa ya mwisho na kukuta hakuna pa kwenda, inarudi nyuma kama sauti inayogonga ukuta wa ukumbi mtupu, na taa zinasikia amri mara mbili. Dawa ni termineta, na mtaitengeneza wenyewe leo. Chukua plagi ya XLR ya kiume na rezista moja, kile kipuri cha kuzuia umeme, ya om 120, robo wati. Chomelea mguu mmoja wa rezista kwenye pini 2, mwingine kwenye pini 3. Pini 1 iache. Funga. Ichomeke kwenye tundu la kutokea la taa ya mwisho. Ndiyo hiyo tu! Bei ya rezista ni ya pipi.

Wakati wa kuchomelea, ncha ya solda iguse pini na mguu wa rezista, vyote viwili vipate joto, ndipo risasi uigusishe pale, iyeyuke na kutiririka yenyewe. Usiibebe risasi kwenye ncha kwenda kuipaka. Kiungo kizuri kinang'aa na kimelala vizuri kwenye chuma. Kikiwa na rangi ya majivu na chembechembe, hakikushika, kitakusumbua jukwaani. Na mkimaliza mnawe mikono kabla ya kula, risasi ni sumu.

Joto na wadudu nitapita haraka, lakini hili la wadudu ni letu. Mvua za kwanza, kuanzia Novemba, kumbikumbi wanatoka, na wanafuata nini? Mwanga. Tulifanya kazi ya nje upande wa Katonga, taa za muvingi, zile zenye kichwa kinachozunguka, zikawa zinawaka kama dakika ishirini, zinazima, zinapoa, zinarudi. Taa inayozima na kurudi kwa mtindo huo inakuambia kwamba imepata joto. Ndani, feni zilikuwa zimebanwa na mabawa ya kumbikumbi, yamejikunja pamoja na vumbi jekundu hadi likawa blanketi. Zisafisheni kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, na mnapopuliza shikeni feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa kasi hiyo inaharibika beringi.

Kabla ya kufungua bodi, chomoa kwenye ukuta, na usubiri. Ndani ya pawa saplai ya taa kuna kapasita inayohifadhi volti zipatazo 325 za mkondo mmoja, na inaweza kubaki nazo baada ya kuchomoa. Subiri dakika kadhaa, pima. Kama bado zipo, zitoe kwa rezista ya kilo-om 10 ya wati 5 iliyoshikwa kwa koleo lenye mpini wa plastiki, pima tena. Ule mtindo wa kupiga shoti kwa bisibisi, cheche zikaruka, uacheni. Unaharibu kapasita na unaweza kuumia macho.

Mashine ya moshi: tumia maji yake ya kiwandani peke yake. Asije mtu akatia dizeli wala mafuta ya kula. Pale ndani kuna chuma cha moto sana, na ukumbini kuna watoto na wenye pumu. Globu za halojeni msizishike kioo kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi yanaipasua ikipata moto. Na wapiga video wakilalamika taa zinachora mistari kwenye picha, waambieni waweke shata 1 kwa 50, na ninyi mtafute kwenye menyu ya taa masafa ya LED, myapandishe kama taa inaruhusu.

Sasa kununua. Kijana ananiuliza, "Fundi, nina mtaji mdogo, nianze na muvingi ngapi?" Najibu: sifuri. Anza na multimita nzuri, iliyoandikwa CAT III volti 600, hilo ni daraja lake la usalama. Halafu RCD. Halafu kebo za shaba halisi na waya wa DMX. Halafu taa za PAR za LED, za aina moja, zote za modeli moja. Kwa nini modeli moja? Kwa sababu siku moja ikifa kweli, utaifanya kuwa ghala la vipuri vya nyingine. Ukiwa mwisho wa reli, taa nane zinazofanana zina thamani kuliko kumi za makabila kumi. Soma namba ya IP, inayoonyesha taa inavyozuia vumbi na maji. IP20 ni ya ndani, tone la mvua haliruhusiwi. Kwa kazi za nje za msimu wa mvua tafuta IP65. Na kila taa inayopanda juu iwe na mnyororo wake wa usalama, tofauti na klempu, uliofungwa kwenye trasi yenyewe. Hakuna taa inayopanda bila mnyororo. Muvingi ina uzito wa mfuko wa mchele na chini yake wamekaa wazazi wa bibi harusi.

Nimewaomba mje na vifaa vyenu vibovu, na naona mlango pale umejaa. Meza ya kulia ina solda, plagi na rezista za termineta. Meza ya kushoto ina multimita mbili na RCD. Hakuna kufungua taa yoyote kabla hamjapima plagi, kebo na ethi yake. Dada uliyebeba taa mbili kutoka Ujiji, lete ya kwanza, na lete na kebo yake. Tuanze na kebo.